Sukari Ndani ya Mishipa: Kisukari Kilivyoingia Buhaya

Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi, ndani ya jicho huota mishipa ya damu ambayo hakuna aliyeihitaji. Mguu wa mgonjwa huyohuyo ukipata kidonda, mishipa inayotakiwa kuota ili kidonda kifunge haioti. Sukari ni ileile na damu ni ileile, lakini kule inazidisha na huku inapunguza. Wataalamu walitumia zaidi ya karne moja kulielewa jambo hilo. Katika karne hiyohiyo ugonjwa wenyewe ulitoka kuwa kitu adimu kwenye kumbukumbu za daktari wa Mengo, ukafika kuwa na siku yake ya kliniki katika hospitali za Bukoba na Muleba. Historia ya maabara na historia ya Buhaya, nchi ya Wahaya magharibi mwa Ziwa Victoria, zilikwenda kila moja na njia yake kwa muda mrefu kabla ya kukutana.

1890–1920: Kibanja, na daktari wa ng'ambo ya ziwa

Emin Pasha alipoanzisha boma la Wajerumani Bukoba mwishoni mwa 1890, aliwakuta Wahaya wakiishi kwenye vibanja: nyumba katikati ya migomba, mibuni ya robusta kivulini, maharage chini yake, na samadi ya ng'ombe ikirutubisha udongo. Ndizi zilipikwa mbichi pamoja na maharage. Nyingine ziliivishwa, zikakamuliwa na kuchachushwa kuwa lubisi. Kahawa haikunywewa kwa kikombe. Buni zilichemshwa, zikakaushwa, na mgeni akakaribishwa kwa kupewa chache za kutafuna. Sukari ya dukani haikuwepo. Mwenye hamu ya kitamu alikuwa na asali, muwa au ndizi mbivu, na kuvipata hivyo ilibidi atembee, apande au akate kwa mkono wake.

Magonjwa yaliyowatia watu hofu yalikuwa malale, ndui, tauni na malaria. Kuvuka ziwa, kule Buganda ambako chakula kikuu pia ni ndizi, mmisionari Albert Cook alikuwa amefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mwaka 1901 alichapisha taarifa kuhusu magonjwa aliyokutana nayo Uganda. Kisukari alikitaja kwa ufupi: si ugonjwa wa kawaida, lakini anayeupata hufa.

Hakuwa na namna ya kuandika vingine. Duniani kote wakati huo mwenye kisukari kikali alikuwa na kiu isiyokatika, mkojo usiokwisha, njaa, na mwili uliopukutika ingawa anakula. Tangu kale waganga wa India walijua kwamba sisimizi hukusanyika penye mkojo wa mgonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool alionyesha kwamba utamu huo ni sukari, na kwamba imo kwenye damu pia, si kwenye mkojo peke yake. Hiyo ilikuwa hatua kubwa: ilidhoofisha dhana kwamba figo ndizo zenye kosa. Tatizo lilikuwa la mwili mzima.

1869–1923: Mbwa wa Strasbourg, kijana wa Toronto

Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari wa Kijerumani, Paul Langerhans, aliliona kongosho kwa hadubini likiwa na visiwa vidogo vya seli zilizo tofauti na nyingine. Kazi yake hakuijua. Miaka 20 baadaye, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa akaanza kukojoa sukari. Sasa ilijulikana kwamba kongosho hutoa kitu kinachoiweka sukari mahali pake.

Kitu hicho kilipatikana Toronto, Kanada. Katika kiangazi cha 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J.J.R. Macleod, walipata maji ya kongosho yaliyoshusha sukari ya mbwa. Januari 1922 yalidungwa kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Sindano ya kwanza haikufua dafu. Mkemia James Collip akayasafisha upya, na sindano za siku chache baadaye zikaishusha sukari. Insulini ikawa imepatikana, na mwaka 1923 Banting na Macleod wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kazi ya insulini si kuiteketeza sukari. Ni homoni inayozipa seli za misuli na za mafuta ishara ya kufungua njia ili glukosi iingie, na inayoliambia ini lisiendelee kumwaga sukari kwenye damu. Ikikosekana kabisa, hicho ni kisukari aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwapata watoto na vijana. Ikiwapo lakini seli haziitikii vizuri, na kongosho likachoka kuongeza, hicho ni aina ya pili, ambacho ndicho cha wagonjwa wengi. Katika hali zote mbili misuli inakaa na njaa huku damu imejaa chakula.

1923–1971: Dawa ipo, macho yanazimika

Kwa miaka michache ilidhaniwa kwamba kazi imekwisha. Elliott Joslin wa Boston, aliyeweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwa miongo mingi, aliona picha nyingine. Zamani wagonjwa walikuwa wanakufa kwa kuzimia kutokana na sukari. Baada ya insulini walikuwa wanaishi, kisha wanakufa kwa mishipa: moyo, figo, miguu. Dawa iliyoongeza maisha iliupa ugonjwa muda wa kufanya uharibifu ambao hapo awali haukuwa na nafasi ya kuonekana.

Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu ya mviringo waliyoyaona katika vichujio vya figo za wenye kisukari. Mwaka 1948 daktari wa macho Isaac Michaelson alidokeza kwamba retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali inayoita mishipa mipya. Hakuweza kuionyesha. Mwaka 1961 David Cogan na Toichiro Kuwabara walitumia njia ya kuitandaza mishipa ya retina peke yake na kuzihesabu seli zake. Wakaona kwamba katika kisukari seli zinazoishikilia mishipa midogo kwa nje ndizo zinazotangulia kufa. Mshipa uliopoteza walinzi hao huvimba vifundo, huvuja, kisha huziba.

Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alichapisha hoja kwamba uvimbe wa saratani haukui bila kujioteshea mishipa yake ya damu, na kwamba kuna kemikali inayoiamuru ikue. Wengi walimbeza. Folkman alikuwa anafikiria saratani, lakini swali lake lilikuwa lilelile la Michaelson: nani anauambia mshipa uchipue?

1945–1979: Kahawa, chai ya sukari na vita

Wakati huo Buhaya ilikuwa inabadilika kwa kasi yake yenyewe. Bei ya kahawa ilipanda baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1950 wakulima wakaunda chama kikuu chao cha ushirika, BNCU. Fedha za kahawa zilijenga nyumba za bati, zikalipa ada za shule, zikawapeleka watoto Kampala, Mwanza na Dar es Salaam. Zilileta pia dukani vitu ambavyo kibanja hakikuvitoa: sukari, mkate, unga mweupe, mafuta ya kupikia, bia ya chupa. Chai ya sukari ikawa alama ya heshima, na mgeni asiyewekewa sukari ya kutosha angejiona amedharauliwa.

Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alitoa mwaka 1960 kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Alionyesha kwamba magonjwa mengi yaliyojaa wodi za Ulaya yalikuwa haba katika wodi za Afrika Mashariki. Baadaye, pamoja na Denis Burkitt aliyekuwa naye Mulago, alishikilia kwamba sababu mojawapo ni chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, na kwamba ulaji ukibadilika magonjwa hayo yatafuata. Si kila sehemu ya hoja yao imesimama, lakini onyo lenyewe lilitimia.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera, na Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita viliisha mwaka 1979, na mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Hospitali za mkoa zilitoka kwenye vita na kuingia miaka ya uhaba wa kila kitu, dawa zikiwemo. Wakati kama huo, kumtunza mgonjwa anayehitaji sindano kila siku lilikuwa jambo gumu mno.

1981–2000: Tanzania yaanza kuhesabu

Mpaka hapo hakuna aliyejua Watanzania wangapi wana kisukari. Kazi ya kuhesabu iliongozwa Muhimbili na daktari kutoka Scotland, Donald McLarty, pamoja na Andrew Swai, Henry Kitange na wenzao. Kuanzia 1981 waliwaandikisha wagonjwa wapya wa kisukari Dar es Salaam na kuwafuatilia kwa miaka. Taarifa yao ya 1990 ilihusu wagonjwa 1,250, na ilionyesha kwamba waliotegemea insulini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Mwaka 1984 Bo Ahrén na C.B. Corrigan walichapisha katika jarida la Diabetologia uchunguzi wa kisukari kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1989 kundi la McLarty likatoa katika jarida la Lancet matokeo ya vijiji 6 vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Wenye kisukari hawakufika asilimia 1 ya watu wazima. Takwimu hiyo ilikuwa na upande wa pili uliosomwa na wachache: waliokuwa na sukari ya juu kuliko kawaida, ingawa hawajafikia kisukari, walikuwa wengi mara kadhaa.

Uchunguzi wa miaka ya 1996–1997, uliochapishwa 2000, ulilinganisha mtaa wa Dar es Salaam na kijiji cha Kilimanjaro. Mjini wenye kisukari walikaribia 6 katika kila 100. Kijijini hawakufika 2. Unene na kutoutumia mwili ndiko kulikoeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Kilichobadilika ni maisha. Tayari mwaka 1985 Chama cha Kisukari Tanzania kilikuwa kimeundwa, na madaktari kama Swai na Kaushik Ramaiya wakawa sauti yake.

1983–2004: Kagera katika kivuli cha ukimwi

Kagera haikuwa na nafasi ya kuisikia sauti hiyo. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa katika mkoa huu. Uchunguzi wa 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana virusi, asilimia 24.2. Vibanja vilibaki na bibi na wajukuu. Aliyekonda, mwenye kiu na uchovu, alidhaniwa moja kwa moja kuwa na ugonjwa huo. Dalili hizohizo ni za kisukari, na anayeogopa jibu la kipimo kimoja hakimbilii kingine.

Hata hivyo ukimwi uliiachia Kagera kitu ambacho kisukari kilikihitaji baadaye. Oktoba 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, zilihitajika kliniki za aina mpya: mgonjwa ana kadi, ana tarehe, anapimwa uzito, anahesabiwa vidonge, na asipofika anatafutwa nyumbani. Hospitali zilizozoea kumtibu mtu wa malaria na kumruhusu zilijifunza kumtunza mtu kwa maisha yake yote. Watu nao walijifunza kwamba ugonjwa usiopona si lazima uue.

1993–2005: Siri yafunguka ndani ya seli

Wakati Bukoba inazika, maabara za dunia zilipata majibu mawili makubwa.

La kwanza lilikuwa la wagonjwa wenyewe. Mwaka 1968 Samuel Rahbar wa Tehran aliona kwamba kwa wenye kisukari hemoglobini ya damu hushikwa na sukari zaidi ya kawaida. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi miezi kama 3, kiasi cha sukari kilichoshika hemoglobini kinasimulia wastani wa miezi hiyo. Ndicho kipimo cha HbA1c, ambacho hakidanganywi na mtu aliyefunga kula siku moja kabla ya kliniki. Kwa kipimo hicho utafiti wa Marekani na Kanada uliwafuata wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza kuanzia 1983, na matokeo yake ya 1993 yalimaliza ubishi: kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya ugonjwa wa macho kuanza kwa asilimia 76. Mwaka 1998 utafiti wa Uingereza wa wagonjwa wa aina ya pili ulipata punguzo la asilimia 25 katika madhara ya mishipa midogo. Sukari yenyewe ndiyo iliyokuwa inaharibu.

Jibu la pili lilieleza inaharibu vipi. Seli za misuli hungoja insulini ndipo zipokee glukosi. Seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa, pamoja na zile za retina, za vichujio vya figo na za neva, hazina kizuizi cha namna hiyo. Sukari ikipanda nje, inapanda na ndani yake. Mwaka 2001 Michael Brownlee wa New York alieleza kinachofuata. Mitokondria, sehemu ya seli inayochoma chakula kupata nguvu, huzidiwa na kazi na kuanza kutoa kwa wingi chembe haribifu za oksijeni. Chembe hizo huharibu vinasaba, na seli katika kujitengeneza hukizuia kimeng'enya kimoja muhimu kwenye njia ya kuvunja glukosi. Njia ikizibwa mbele, shehena hurundikana nyuma na kumwagika kwenye vichochoro. Kimoja hugeuza glukosi kuwa sorbitoli na kumaliza akiba ya kinga ya seli. Kingine hugandisha sukari kwenye protini na kuzifanya kuwa ngumu. Cha tatu huamsha kimeng'enya kinachobana mishipa na kuivujisha. Cha nne hubandika sukari kwenye protini zinazoongoza vinasaba, na amri za seli zikavurugika. Madhara manne yaliyokuwa yanasomwa kila moja peke yake yakaonekana kuwa na chanzo kimoja.

Hapo ndipo jicho na mguu vikaeleweka pamoja. Katika jicho mishipa midogo huziba, retina ikakosa oksijeni na kuita msaada. Kemikali aliyoidokeza Michaelson ilipatikana. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga protini inayochipusha mishipa, inayojulikana kwa kifupi VEGF, na mwaka 1994 Lloyd Aiello na wenzake wakaikuta kwa wingi katika maji ya macho ya wagonjwa ambao kisukari kilikuwa kinawaoteshea mishipa mipya. Mishipa hiyo ni kama machipukizi yanayoota ovyo kwenye shina la mgomba lisilopunguzwa: mingi, dhaifu, haizai kitu. Hupasuka, damu ikajaa jicho, kisha makovu yakaivuta retina mpaka ikabanduka.

Mguuni amri hiyohiyo inakosekana. Mwaka 2004 watafiti wa taasisi ya Karolinska, Sweden, wakiongozwa na Sergiu-Bogdan Catrina, walionyesha kwamba sukari nyingi huidhoofisha protini inayotambua upungufu wa oksijeni na kuamuru mishipa iote. Kidonda kinakosa hewa, lakini seli hazitoi wito wa kutosha. Mishipa mikubwa ya mguu nayo huwa imepungua upenyo kwa mafuta, neva zimekufa ganzi, na mwenye mguu hasikii mwiba. Ugunduzi wa namna seli zinavyotambua oksijeni uliwapatia Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

2006 hadi sasa: Njia zakutana

Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa Kabale, wilayani Muleba, mara ya kwanza nchini. Mgomba ulioshikwa hunyauka, ndizi zake zikaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na dawa yake ni kuung'oa na kuuzika. Kaya nyingi ziliongeza mihogo, mahindi na vyakula vya kununua. Kuilaumu ndizi kwa kisukari ni kuikosea. Ndizi mbichi ya kuchemsha, ikiliwa kwa kiasi pamoja na maharage na mboga, ni mlo wa heri kwa mgonjwa. Tatizo ni sahani kubwa kwa mtu ambaye shughuli zake zimekuwa za kukaa, soda juu yake, chai ya vijiko vitatu mara tatu kwa siku, na pikipiki kwa safari ambayo babu yake aliitembea.

Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta wenye kisukari ni asilimia 9.1. Haulingani moja kwa moja na ule wa vijiji wa 1989, kwa kuwa umri na maeneo vilikuwa tofauti, lakini mwelekeo hauna utata. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba kisukari kilikuwa kwa karibu mgonjwa 1 kati ya 6 wa kifua kikuu, kwani sukari nyingi inadhoofisha kinga pia. Novemba 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua Dodoma mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza.

Leo kisukari kinatibiwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, na Muleba katika hospitali kama Rubya, Kagondo na Ndolage. Mtu wa Buhembe, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Bukoba, hahitaji safari ndefu kupimwa. Kazi inayofanyika siku ya kliniki inaonekana ndogo. Kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kipande chembamba, na mashine inatoa namba ndani ya sekunde chache. Baada ya hapo nesi anasema, "Mama, vua na soksi." Anatazama katikati ya vidole, anabonyeza nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki, na anamwambia afumbe macho aseme anapoguswa. Akibonyezwa mara mbili na asiseme kitu, nesi ameshajua kwamba mguu huo umepoteza mlinzi, na mazungumzo yanageuka kuwa ya viatu vya kufunika vidole, kukagua nyayo kila jioni, na kutokwenda shambani peku.

Uchunguzi huo wa miguu una historia yake hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi huduma ya mguu wa kisukari, ulioanza Tanzania na India kisha ukaigwa na nchi nyingine. Kwa upande wa macho, mionzi ya leza ya kuziba mishipa mibovu ilithibitishwa tangu miaka ya 1970, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zikaja sindano za ndani ya jicho zinazoizuia VEGF. Katika Kilimanjaro, uchunguzi wa wenye kisukari uliochapishwa 2016 ulikuta zaidi ya robo yao wana dalili kwenye retina, wengi bila kujua.

Hapo ndipo historia hii inapotufikisha. Mishipa huanza kuharibika miaka mingi kabla ya mtu kuona ukungu machoni au kidonda kisichofunga, na muda wote huo haiumi. Leza, sindano ya jicho na kisu cha mpasuaji vyote huja baada ya uharibifu. Kinachoutangulia ni kipimo cha bei ndogo na mlo unaopimwa kwa macho ya mpishi. Kagera imeshathibitisha kwamba inaweza kuwatunza maelfu ya watu kwa dawa za kila siku na tarehe za kila mwezi, ikafanya hivyo katika miaka migumu kuliko hii. Nidhamu ileile ihamishiwe kwenye sukari. Uliyevuka miaka 40, uliyenenepa kiunoni, uliyejifungua mtoto mkubwa kupita kawaida, au uliye na mzazi au ndugu mwenye kisukari, usingoje kiu wala sisimizi. Nenda kapime wiki hii, na ukienda, mchukue na mwenzako.